Mpaka Ukifungwa, Deni Halifungwi

Kwenye Petite Barrière, kivuko kidogo kati ya Gisenyi, Rwanda, na Goma, Kongo, kina mama huvuka na beseni za nyanya, kabichi, mayai. Wengi mtaji wao ni wa mkopo, na sehemu ya mzigo huachiwa wateja wa Goma kwa mali kauli: chukua leo, lipa ukishauza. Mpaka ukifungwa, fedha zinabaki ng'ambo.

Na misukosuko haijakosekana. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa Korona. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka na mitetemeko ikapasua nyumba za Rubavu, wilaya ulipo mji wa Gisenyi, nazo nyumba ndizo watu huweka rehani. Mei 2023 mto Sebeya, huko huko Rubavu, ukafurika. Januari 2025 waasi wa M23 wakaiteka Goma, benki zikafungwa, na mteja mwenye nia ya kulipa akakosa pa kutoa fedha. Tarehe ya marejesho ya SACCO, chama cha akiba na mikopo, ikafika vilevile.

Mtu wa hali hiyo afanye nini? Nchini Kenya, Sheria ya Ufilisi ya 2015 imemfikiria mdaiwa asiye na mali: anaweza kuomba, na baada ya miezi 12 akafutiwa deni. Rwanda nayo ina sheria ya ufilisi, namba 075/2021, lakini kwa muuza nyanya ni habari za makampuni ya Kigali.

Anachokijua yeye ni kupotelea Goma na kuwaachia wadhamini deni, au kwenda kwa banki lambert, mkopeshaji wa mtaani asiye na leseni, akakope huko alipe SACCO. Hili la pili ndilo linalomaliza familia. Riba huhesabiwa kwa mwezi, na baadhi ya wakopeshaji hao humtaka mdaiwa atie saini hati ya kuuza nyumba, si ya kukopa. Siku ya kushindwa, nyumba imeshakwenda kwa karatasi aliyoisaini mwenyewe.

Kukiri kwamba umeshindwa si aibu, na kunafaa kabla ya mnada, si baada yake. Ewe mfanyabiashara wa Rubavu, ukiona rejesho lijalo halitapatikana, mweleze mwenzi wako kwanza, kisha nendeni SACCO kabla ya tarehe na daftari la wadaiwa wa Goma, mkaombe kupangiwa upya malipo. Banki lambert msiikaribie.