Kobe Afundishaye Jiometri

Kompyuta iliyomo darasani yaweza kutumiwa kwa njia mbili. Yaweza kumwuliza mwanafunzi maswali na kuyasahihisha majibu yake. Au mwanafunzi mwenyewe aweza kuiamuru itende lile analolibuni. Njia hii ya pili ndiyo iliyozaa Logo, lugha ya kompyuta iliyotungwa nchini Marekani mwaka 1967 na Wallace Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon. Miaka michache baadaye lugha hiyo iliongezewa "kobe", yaani alama ndogo itembeayo juu ya kioo cha kompyuta na kuacha mstari nyuma yake.

Kobe akiamriwa aende mbele hatua 100, kisha ageuke kulia nyuzi 90, na amri hizo zikarudiwa mara 4, huchora mraba. Tuseme sasa mwanafunzi ataka pembetatu yenye pande sawa. Kwa kuwa amefundishwa kwamba kila pembe yake ni nyuzi 60, humwamuru kobe ageuke nyuzi 60, mara 3. Lakini linalotokea si pembetatu, bali nusu ya umbo la pande sita! Kosa li wapi? Kobe hageuki kwa kipimo cha pembe ya ndani, bali kwa kile cha pembe ya nje. Ili arejee alikoanzia, akielekea kule kule, hana budi kugeuka jumla ya nyuzi 360. Nazo zikigawanywa kwa 3 ni 120. Kanuni hiyo mwanafunzi hakuikariri. Ameivumbua kwa kulichunguza kosa lake mwenyewe.

Msingi huo huo ndio wa Scratch, programu iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka 2007, ambayo amri zake ni vipande vya kuunganishwa, na ambayo hupatikana pia kwa Kiswahili.

Hata hivyo, chombo peke yake hakitoshi. Mwaka 1984 watafiti Roy Pea na Midian Kurland walieleza kwamba watoto waliojifunza Logo hawakuwazidi wenzao katika kupanga kazi nyingine. Mwalimu ndiye apaswaye kuuliza, "Mbona umbo halikufunga?", na kuliunganisha jibu na somo.

Wala shule isiyo na umeme haikukosa yote. Papert aliwahimiza watoto wajifanye kobe kwa miili yao. Uwanjani mwanafunzi mmoja aweza kutoa amri, wa pili akazitii, na wa tatu akazifuata nyayo zake kwa majivu. Pembetatu isipofunga, somo limeanza.