Redio ya gari ikivuma, usikimbilie kununua amplifaya

KATIKA minada na magulio yanayouzunguka mji wa Mwanza, kuanzia Magu hadi Misungwi, mfanyabiashara wa mbegu, dawa za mifugo au mitumba hategemei tena koo lake. Hufunga spika juu ya keria, amplifaya nyuma ya kiti, huchomeka flashi yenye tangazo alilorekodi nyumbani, kisha huegesha gari chini ya mti na kuacha mashine izungumze.

Tatizo huanza pale mashine inapozungumza yake. Binamu yangu, ambaye huzunguka na pikapu akiuza mbegu za mahindi na mboga, alimaliza msimu mzima na spika zinazovuma kama mzinga wa nyuki. Injini ikizimwa, sauti ilikuwa safi kabisa. Lakini kuacha amplifaya ikipiga kwa saa tatu bila injini maana yake ni betri kwisha, na mara mbili gari lake liliondoka mnadani kwa kusukumwa. Akiwasha injini, mvumo ulifunika hata bei ya mbegu. Mzee mmoja alimwuliza kama anauza mbegu au asali.

Kilichofuata kinafahamika kwa wengi. Aliuziwa kichujio cha kelele. Hakikusaidia. Akashauriwa abadilishe amplifaya, akanunua yenye nguvu zaidi, na mvumo nao ukaongezeka nguvu. Akabadilisha spika. Mtaji wa mifuko kadhaa ya mbegu ukaishia kwenye vifaa, na chanzo cha yote kilikuwa bolti moja ya kiti ambayo fundi wa kwanza alifunga waya wa ethi wa amplifaya bila kukwangua rangi. Pikapu ile iliwahi kupakwa rangi upya, hivyo waya ulikuwa umekaa juu ya rangi badala ya chuma. Msasa na spana vilimaliza kazi kwa muda usiozidi dakika kumi.

Ni vizuri mwenye gari akaelewa kwa nini rangi kidogo ilete yote hayo. Umeme wa gari hutoka kwenye nguzo chanya ya betri kwa waya, lakini hurudi kupitia bodi ya gari lenyewe. Amplifaya isipopata njia nzuri ya kurudisha umeme kwenye bodi, umeme huo hutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni waya mwembamba unaoleta muziki kutoka kwenye redio. Humo umeme huchanganyika na sauti. Amplifaya haijui kutofautisha. Hukuza vyote viwili.

Mvumo wenyewe asili yake ni altaneta. Kifaa hiki huzalisha mkondo geu, kisha diodi zilizomo ndani huugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa kuchajia betri. Mgeuzo huo hauwi laini kabisa, hubaki mawimbi madogo ambayo betri na ethi nzuri huyameza. Ndiyo maana sauti hupanda kadiri unavyokanyaga mafuta na kushuka unapoachia.

Kabla ya kutoa fedha mfukoni, kaa na gari lako kwa nusu saa mahali penye utulivu. Washa redio bila kuwasha injini na usikilize. Kama kelele ipo hata injini ikiwa imezimwa, mwache altaneta, hana kosa. Kisha washa injini na ukanyage mafuta polepole. Mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na injini ni wa altaneta ukisaidiwa na ethi mbaya. Mlio wa tika-tika unaokimbia pamoja na injini ya petroli hutoka kwenye plagi, nyaya zake au koili. Kama nyaya za plagi zimezeeka, ukifungua boneti usiku gizani pengine utaona cheche zikiruka nje ya waya. Gari la dizeli halina plagi za namna hiyo, kwa hiyo fundi akikuambia ubadilishe plagi za dizeli ili redio itulie, tafuta fundi mwingine.

Hatua inayofuata ni kupunguza sauti ya redio hadi mwisho. Mvumo ukipungua pamoja na muziki, unaingia kabla ya kitufe cha sauti, yaani kwenye antena, flashi, simu au redio yenyewe. Ukibaki palepale wakati muziki umekwisha, unaingia baadaye, kwenye nyaya za kwenda kwenye amplifaya au kwenye amplifaya. Zima kila kitu, chomoa nyaya za muziki kwenye amplifaya, kisha washa tena. Ikinyamaza, kosa liko upande wa redio na nyaya zake. Ikiendelea kuvuma, shughulika na umeme na ethi ya amplifaya.

Jaribio jingine wengi hulisahau, nalo ni chaja ya simu. Mtu anapiga muziki kutoka kwenye simu kwa waya, na simu hiyohiyo anaichaji kwenye kiberiti cha gari. Chomoa chaja. Mara nyingi kelele huondoka papo hapo, maana umeme ulikuwa unarudi kwa njia mbili kupitia simu. Chaja za bei ya chini na baadhi ya taa za LED za kubandika husumbua pia mawimbi ya FM hata kama hazijaunganishwa na redio.

Ukiwa na mita ya umeme, weka ncha moja kwenye ethi ya amplifaya na nyingine kwenye nguzo hasi ya betri huku muziki ukipiga kwa nguvu. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, ethi hiyo haifai. Fungua kwanza nguzo hasi ya betri, kwangua rangi hadi chuma king'ae, funga kwa bolti na washa, kisha paka grisi juu ili kuzuia kutu. Waya wa ethi uwe mnene sawa na wa chanya, na uwe mfupi, usizidi nusu mita. Waya mkuu wa umeme upite upande mmoja wa gari na nyaya za muziki upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba, zisilale pamoja. Na fyuzi iwe jirani na betri. Hilo halihusu kelele. Waya usio na fyuzi ukichubuka na kugusa bodi, gari huungua.

Wakati mwingine mvumo ni taarifa ambayo hupaswi kuinyamazisha. Betri nzima, injini ikiwa imezimwa, husoma karibu volti 12.6, na injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4. Kisha hamishia mita kwenye mkondo geu, upime hapohapo kwenye betri injini ikiwaka. Ikikaribia nusu volti, yawezekana diodi moja imekufa. Altaneta ya namna hiyo huendelea kuchaji kidogokidogo hadi siku inapokuacha njiani na mzigo wa nyanya. Aliyefunga kichujio atakuwa ameziba masikio asisikie habari hiyo.

Magari mengi yanayoingia nchini yametumika Japani, ambako FM kwa miaka mingi ilikuwa kati ya 76 na 90, wakati kwetu huanzia 87.5 hadi 108. Ili kusikia stesheni zetu nyingi, mafundi hufunga ekspanda kati ya antena na redio ili kuyashusha mawimbi. Kifaa hicho nacho kinahitaji umeme na ethi yake. Mara nyingi huachwa kikining'inia nyuma ya dashibodi, kimezungushiwa gundi ya plastiki, na waya wake umesokotwa kwa mkono. Ukiona flashi inapiga safi lakini Radio Free Africa inakoroma hata ukiwa mjini Mwanza, anza na ekspanda na kitako cha antena kabla ya kuilaumu redio.

Wenye malori wana jambo lao. Fuso na Canter nyingi hutumia volti 24 kutoka betri mbili, na redio ya kawaida ni ya volti 12. Baadhi ya mafundi huchukua volti 12 kwenye betri moja tu. Redio itapiga, ila betri hiyo itakuwa inaishiwa wakati mwenzake inachajiwa kupita kiasi, na baada ya muda utanunua zote mbili. Njia sahihi ni kifaa cha kushusha umeme, lakini kile kidogo cha bei rahisi huvuma chenyewe. Chagua chenye ganda la chuma na uwezo unaozidi mahitaji ya redio na amplifaya, ukifunge mbali na antena.

Kwa wanaobeba samaki na dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, ethi ya nyuma ya gari haidumu. Maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi hutiririka chini ya mazulia hadi kwenye bolti, na kutu huanza kazi bila mtu kuona. Ni heri amplifaya ihamishiwe nyuma ya kiti cha dereva, mahali pakavu, na bolti yake ifunguliwe na kusuguliwa kila gari linapofanyiwa sevisi.

Binamu yangu bado ana ile amplifaya ya kwanza. Nzima kabisa, imefungwa kwenye gunia stoo, na hajapata mnunuzi.