Manowari ya Mbao katika Nchi ya Chai

Nchi ya chai ya Kericho na Bomet haina bahari. Kutoka huko hadi Mombasa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 700 kwa barabara. Hata hivyo wapo jamaa zetu wa pwani waliohamia huko: walimu, wauguzi, wenye maduka, madereva wa malori, na mabinti zetu walioolewa bara. Watoto wao hulijua tenga la kuchumia chai kabla hawajalijua kafi. Mkuku, taruma, foromali, omo na tezi ni maneno wanayoyasikia kwa babu wakati wa likizo, kisha hupotea njiani wakirudi.

Neno la kazi halidumu kwa kuhadithiwa tu, hudumu mkononi. Kwa hiyo makala haya yanawapendekezea wazazi kazi moja ya likizo ya shule: kuunda, kwa mbao, mfano mdogo wa manowari ya tanga ya Waholanzi wa karne ya 17. Huenda msomaji akauliza, mbona Waholanzi, ilhali sisi tuna majahazi yetu? Jibu linaanzia katika kikombe cha chai.

Waholanzi ndio walioleta shehena za kwanza za chai Ulaya, yapata mwaka 1610, kwa merikebu za Kampuni yao ya Mashariki ya India iliyoasisiwa mwaka 1602. Karne tatu baadaye, katika miaka ya 1920, makampuni ya Waingereza yalipanda mashamba makubwa ya chai Kericho. Leo jani lichumwalo Kericho na Bomet huteremshwa Mombasa, ambako mnada wa chai umekuwa ukifanyika tangu mwaka 1969, kisha hupakiwa melini Kilindini. Mtoto wa Bomet anayedhani kwamba bahari haimhusu ataona kwamba kila gunia lipitalo mbele ya nyumba yao linaelekea baharini.

Manowari tunayoichagua ni De Zeven Provinciën, yaani Majimbo Saba, iliyokamilika mwaka 1665 ikiwa na mizinga 80. Ndiyo iliyompakia amiri Michiel de Ruyter katika vita vya Waholanzi na Waingereza. Urefu wake ulikuwa mita 46 na upana wake mita 12. Tukichukua sentimita moja kwa kila mita, mfano utakuwa na urefu wa sentimita 46 na upana wa sentimita 12, kiasi cha kukaa juu ya meza ya kusomea. Hesabu hiyo mwachieni mtoto aifanye mwenyewe. Akikosea, mbao zitamwonyesha.

Jambo la ajabu ni kwamba mafundi wa Kiholanzi wa zama zile hawakuchora ramani ya chombo. Walikubaliana juu ya urefu kwa futi ya Amsterdam, iliyokuwa kama sentimita 28, na vipimo vingine vikazaliwa na urefu huo. Upana, kwa mfano, ulikaribia robo yake. Yaliyobaki yaliamuliwa na jicho na mkono. Mzee wa Lamu akisikia habari hii hatashangaa, kwani mafundi wetu nao waliunda vyombo pasipo karatasi.

Ufanano haukomei hapo. Mafundi wa Amsterdam walikuwa na desturi ya kutandaza mkuku, kisha wakaunganisha mbao za chini na kuzishika kwa vibanio vya muda, na baada ya hapo ndipo wakatia mataruma ndani yake. Ganda lilitangulia, mbavu zikafuata. Vibanio vilipoondolewa, matundu ya misumari yake yalizibwa kwa vijiti vya mbao. Na mtepe wetu, chombo cha Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu, uliundwa kwa mpango uo huo: mbao zilishonwa kwanza, ubao kwa ubao, kwa kamba za makumbi ya nazi, na mataruma yakafungwa baadaye. Tofauti ni kwamba Mholanzi alitumia misumari na vigingi, na sisi tukatumia kamba.

Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Qamar, inaitaja safina ya Nabii Nuh, amani iwe juu yake, kwa mbao zake na kwa kile kilichoziunga, nacho kinaitwa kwa neno dusur. Wafasiri wengi wamesema ni misumari, na wenye kamusi za Kiarabu wametaja pia kamba za nyuzi za mtende zinazofungia mbao. Mzazi akimfungulia mtoto aya hiyo wakati gundi inakauka, somo la chuoni na kazi ya mkono vitakutana.

Mtepe wenyewe haupo tena majini. Ulitoweka katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Mengi tuyajuayo leo juu ya ushonaji wake, tanga lake la mkeka, na omo yake inayosemwa kuwa ni kumbukumbu ya kichwa cha ngamia wa Mtume, rehema na amani zimshukie, tunayajua kwa sababu kuna watu waliounda mifano yake midogo wakati ungali unaonekana. Mfano wake umehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu. Mwaka 2003 mafundi walipouunda upya mtepe mzima huko Unguja, katika Beit al-Ajaib, mifano na picha za kale zilikuwa miongoni mwa mashahidi wachache waliobaki. Ndiyo maana mfano mdogo hauhesabiki kuwa mchezo wa kitoto.

Waholanzi nao walifikwa na hali kama hiyo. Fundi Willem Vos alipotaka kuiunda upya Batavia, merikebu ya Kampuni iliyojengwa Amsterdam mwaka 1628 na kuvunjika mwaka uliofuata katika miamba ya magharibi ya Australia, hakukuwa na mchoro wa kufuata. Alitegemea vitabu vya zamani na mabaki yaliyotolewa baharini. Kazi ilianza mwaka 1985 katika mji wa Lelystad na kumalizika mwaka 1995, na wengi wa waliofanya kazi walikuwa vijana wasio na ajira waliofundishwa pale pale useremala, ufuaji wa chuma na ushonaji wa matanga. Merikebu ilirudi, na pamoja nayo ufundi ulirudi mikononi mwa watu.

Tuje sasa kwenye kazi yenyewe. Mbao za mkaratusi, zinazochomwa viwandani ili kukausha chai, hazifai, kwa kuwa hupasuka na kupinda zikaukapo. Tafuteni vipande vya msonobari kwa seremala na mvipasue viwe vyembamba, unene wa milimita mbili. Kwa mataruma kuna hazina iliyo karibu. Michai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne, na matawi yake ni magumu na yamepindika yenyewe. Mafundi wa merikebu, wa kwetu na wa Ulaya, walikwenda msituni kutafuta miti iliyopinda hivyo, kwani ubao uliokatwa kufuata mpindo wake wa asili hauvunjiki upesi. Ila msichukue tawi katika shamba la mtu bila ruhusa yake. Kazi njema haianzi kwa kitu cha watu.

Hewa ya Kericho ni ya unyevu, basi wekeni mbao mahali pakavu penye kupitisha hewa kwa wiki kadhaa kabla ya kuanza. Ili kupinda ubao, uloweke katika maji ya moto au uushikilie juu ya mvuke wa birika, kisha uubane kwa vibanio vya nguo mpaka ukauke. Waholanzi walipinda mbao zao kwa moto upande mmoja na maji upande wa pili. Patasi na kisu vibaki mikononi mwa mtu mzima; wadogo wapewe msasa na gundi.

Matanga ni sehemu ya mama, shangazi na bibi. Kitambaa cha pamba kilichochovywa katika chai iliyokolea hupata rangi ya tanga la zamani. Vilevile bibi aliyeko Lamu au Malindi anaweza kutuma miyaa na kumfundisha mjukuu kusuka ukili, maana tanga la mtepe lilikuwa la mkeka, na ususi ni elimu ya wanawake wa pwani tangu jadi.

Yako mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, tezi ya De Zeven Provinciën ilijaa sanamu za simba na za watu. Nyumba isiyopenda sanamu inaweza kuziacha na kuchonga maua na nakshi mfano wa zile za milango ya Lamu. Chombo hakitapungua kitu. La pili ni zito zaidi. Mizinga ile haikuwa mapambo. De Zeven Provinciën ilikuwa ya dola na ilipigana na manowari wenzake, lakini merikebu za Kampuni zilifika visiwa vya Banda mwaka 1621, na kwa ajili ya kungumanga watu wa visiwa hivyo, ambao wengi wao walikuwa Waislamu, wakauawa au kuhamishwa kwa maelfu. Pwani yetu iliionja mizinga ya aina hiyo mwaka 1505, Wareno walipoziteka Kilwa na Mombasa. Mtoto aambiwe yote mawili: kwamba mikono iliyoiunda ilikuwa na ujuzi mkubwa, na kwamba ujuzi unaweza kutumiwa kwa dhulma. Akiyajua hayo, ataitazama merikebu yake kwa heshima bila kuiabudu.

Manowari ikikamilika, msiweke patasi kabatini. Mbinu ya ganda kwanza mtoto ameshaijua, na sasa anaweza kuunda mtepe, bila msumari hata mmoja, kwa uzi wa makumbi na sindano ya bibi. Wa kwanza ubaki nyumbani. Wa pili upelekwe chuoni au shuleni, Kericho au Bomet, uwekwe mahali ambapo watoto wa wenyeji wa milimani watauona na kuuliza jina la kila kipande. Mwenye kuwajibu awe ni mtoto aliyeuunda.