Njia ya Kufikia Nafasi ya Utafiti katika Sayansi ya Viumbe

Kandokando ya mji wa Singida yapo maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai. Huko huonekana heroe, ambao wengi huwaita flamingo. Heroe wadogo huchuja majini viumbe visivyoonekana kwa macho matupu, viitwavyo sayanobakteria, na kuvila. Viumbe hivyo huongezeka wakati gani, na hupungua kwa sababu gani? Swali la namna hiyo laweza kuwa msingi wa shahada ya uzamivu, yaani udaktari wa falsafa.

Wanafunzi wengi wapendao biolojia hudhani kwamba njia iliyo mbele yao ni utabibu peke yake. Wakiikosa, huiacha sayansi. Yafaa ieleweke kwamba utafiti nao ni kazi, na una njia yake.

Uzamivu si darasa jingine. Mtafiti chipukizi hufanya kazi chini ya msimamizi, kwa kawaida miaka mitatu au zaidi, mpaka athibitishe jambo lisilojulikana hapo awali. Kwa hiyo mwombaji hatafuti jina la chuo tu, bali humtafuta msimamizi ambaye utafiti wake unahusiana na swali lake.

Nafasi hupatikana kwa milango miwili. Kwanza, mtaalamu aliyepata fedha za mradi hutangaza nafasi. Swali na vifaa huwa vimekwisha kuandaliwa. Pili, mwombaji hubuni swali lake na kushindania ufadhili, kwa mfano ule wa Jumuiya ya Madola au wa DAAD ya Ujerumani. Mlango huu humpa uhuru zaidi, lakini humdai maandalizi makubwa zaidi.

Nchini Tanzania uzamivu husomewa, miongoni mwa vyuo vingine, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, na Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa mwaka 1979, na ile ya Utafiti wa Wanyamapori mwaka 1980. Aliyewahi kuwa msaidizi wa utafiti katika taasisi kama hizo huomba nafasi akiwa na ujuzi wa kazi na mtu wa kumshuhudia.

Barua kwa msimamizi iwe fupi: ieleze swali, mbinu alizozimudu mwombaji, na sababu ya kumchagua msimamizi huyo. Barua moja iliyonakiliwa kwa watu hamsini hutambulika upesi, na mara nyingi haijibiwi.

Maandalizi huanza shuleni. Kemia na hisabati zisidharauliwe, kwa maana biolojia ya leo huzitegemea. Mwalimu naye aweza kuwaongoza wanafunzi wahesabu ndege kila wiki, mahali palepale na saa ileile, na kuandika tarehe, idadi na hali ya hewa. Daftari la mwaka mzima litawafunza uvumilivu na uaminifu wa takwimu, mambo ambayo kila msimamizi huyatafuta kwa mwombaji.