Dhahabu ya Kwanza Ilitoka Pwani
(Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimfuata Anju Bobby George, binti wa Kerala aliyeruka meta 6.70 mjini Paris mwaka 2003 na kuwa Mhindi wa kwanza kutwaa medali katika mashindano ya dunia ya riadha. Tuliona kwamba mrukaji hushinda au kushindwa kabla hajakikanyaga kibao, maana asiye na kasi hafiki mbali mchangani. Leo tuiangalie kasi yenyewe, kwa mtu wa kwetu mwenye asili ya Goa, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1937: Seraphino Antao.

Novemba 1962, mjini Perth, Australia, Antao alishinda yadi 100 na yadi 220 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Zile 100 alizimaliza kwa sekunde 9.5. Miaka minne nyuma, Cardiff, Bartonjo Rotich na Arere Anentia walikuwa wameleta shaba. Dhahabu Kenya ilikuwa haijaionja. Basi nchi hii inayosifiwa kwa mbio ndefu ilifungua hesabu yake ya dhahabu kwa mbio fupi, tena kwa mtoto wa pwani.

Jambo hili lingepaswa kusomeshwa katika kila shule ya Likoni, Kisauni na Changamwe. Badala yake watoto wetu hukua wakiambiwa riadha ni ya watu wa Iten, kule milimani. Haiwi hivyo, na sababu imo mwilini. Anayekimbia meta 10,000 huishi kwa pumzi anayovuta kwa karibu nusu saa, na mwili uliolelewa kwenye hewa nyepesi ya milimani huwa na chembe nyekundu nyingi zaidi za kubebea oksijeni. Mbio za sekunde kumi haziyangoji mapafu. Nguvu yake karibu yote hutoka katika akiba iliyomo tayari ndani ya misuli. Mtoto aliyeinama kwenye mstari uliochorwa kwa majivu, vidole vikigusa vumbi, anahitaji misuli inayojikaza upesi, kifundo cha mguu kisicholegea, na mwalimu wa kumrekebisha anavyoondoka. Katika hayo hakuna linaloletwa na mlima.

Joto nalo tulitazame. Tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipofanyika kwenye uwanja wa gofu wa Mombasa, ng'ambo tu ya Likoni, Kenenisa Bekele wa Ethiopia aliacha njiani, jua na unyevu vikiwa vimemwelemea, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Perth nako mwaka 1962 joto lilipita nyuzi 38. Naamini mwili wa Antao, uliokomaa kwenye fukuto la Mombasa, haukuona ugeni.

Ila kasi peke yake haikutosha. Alinolewa hapa hapa mjini na kocha Ray Batchelor, akapigwa msasa na kushindwa Cardiff 1958 na kwenye Olimpiki ya Roma 1960, na miezi michache kabla ya Perth alishinda mbio hizo hizo mbili katika ubingwa wa Uingereza.

Alifariki London mwaka 2011. Oktoba 1964, Kenya ikiwa haijatimiza mwaka wa uhuru, ni yeye aliyebeba bendera yake Tokyo. Juma lijalo tutaanzia hapo, na medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya, shaba ya Wilson Kiprugut katika meta 800.