Kabla ya kubadilisha mtambo wa sola wa kupasha maji, pima kwanza

Mtambo wa sola wa kupasha maji ya kuoga ukiharibika, mwenye nyumba huwa na haraka ya kununua mwingine wa aina ileile na ukubwa uleule. Katika Kitui na Makueni hiyo inaweza kuwa hasara ya pili, kwa kuwa maji ya visima vingi yana chumvi, na huenda ndiyo yaliyouharibu ule wa kwanza.

Maji yako ni ya wapi?

Tazama ndani ya birika la chai. Ukiona utando mgumu mweupe, ujue utando huohuo huganda ndani ya mirija ya mtambo na kuzuia joto kupita. Maji ya chumvi pia hula tangi la chuma. Mwenye kutumia maji ya kisima anashauriwa kuchagua mtambo ambao maji ya kuoga hayapiti kwenye paneli. Katika aina hiyo, paneli huzungusha majimaji yake yenyewe, nayo hupasha maji yaliyo ndani ya tangi. Bei yake ni ya juu zaidi, lakini hudumu. Muulize fundi pia kuhusu fimbo ya magnesiamu iliyo ndani ya tangi. Fimbo hiyo huliwa na kutu badala ya tangi, hivyo ikaguliwe na kubadilishwa ikiisha. Anayetumia maji ya mvua anaweza kutosheka na mtambo wa kawaida.

Mko wangapi nyumbani?

Kadiria lita 30 za maji moto kwa kila mtu kwa siku. Familia ya watu 5 inahitaji lita 150. Kwa jua la sehemu hizi, paneli ya mita 1 ya mraba hupasha takriban lita 75 kwa siku, kwa hiyo familia hiyo inahitaji mita 2 za mraba. Tangi kubwa lenye paneli ndogo litatoa maji vuguvugu tu. Wakazi wa miinuko kama Mbooni na Kilungu, ambako Juni hadi Agosti kuna baridi na mawingu, waongeze paneli kidogo. Wa Kibwezi na Mutomo, kwenye joto, hawana haja hiyo.

Paa na usalama

Lita 200 za maji zina uzito wa kilo 200, bila kuhesabu tangi lenyewe. Mbao za paa zikaguliwe kabla ya kupandisha mtambo. Kwa kuwa tuko kusini kidogo ya ikweta, paneli ielekee kaskazini, mahali pasipo kivuli cha mti.

Maji yakikatika na mirija ya kioo ikabaki mitupu juani, usiijaze mchana. Maji baridi yakigusa kioo chenye moto hukipasua. Ngoja hadi asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Kulinganisha gharama

Shawa ya umeme ya kilowati 5 ikiwashwa kwa dakika 12 hutumia yuniti 1. Watu 5 wakioga hivyo kila siku, ni yuniti 150 kwa mwezi. Linganisha gharama hiyo na bei ya mtambo, hakikisha una alama ya ubora ya KEBS, na udai waranti iliyoandikwa inayotaja wazi kama maji ya kisima yanakubalika.