Kifo cha Wakuu na Moyo wa Mhubiri
Katika mazishi ya mtu mkuu, mhubiri hushawishika kuhesabu vyeo vya marehemu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alifuata njia nyingine. Katika utenzi wa Al-Inkishafi anautazama mji wa Pate, katika pwani ya Kenya, ambao matajiri wake wametoweka na majumba yao yamekuwa magofu; lakini anayeonywa ni moyo wake mwenyewe. Ndivyo itupasavyo kutafakari vifo vya viongozi wetu. Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, akiwa na miaka 45, cheo hakikumkinga. Basi, makaburini kwetu Kyela, toka Ipinda hata Matema, mhubiri na aihubirie kwanza nafsi yake, ndipo autangaze ufufuo.